Antivirusi Gani ya Bure Niweke? Safari Hii Najibu Vizuri

Poleni na palizi kwa wale wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na kwa wenzetu wa kanda ya kati poleni na jua. Leo naacha mahindi pembeni. Nataka tuongee kuhusu kompyuta uliyonayo nyumbani au dukani, na ile programu ya kuikinga na virusi. Najua kuna watakaosema bwana shamba ameingilia kazi isiyo yake. Kweli, stashahada yangu ni ya kilimo. Lakini swali hili nimeulizwa na watu wengi, na mara ya kwanza nilipoulizwa nilijibu hovyo, jibu lile likamgharimu mtu.

Katika kata ninayohudumia kuna mama mmoja mwenye duka la pembejeo. Anauza mbegu, mbolea, viuatilifu, mabomba ya kupulizia na chanjo za kuku. Mwaka 2022 alinunua kompyuta mpakato ya mtumba mjini, fundi akampigia Windows 10, akarudi nayo kijijini amefurahi. Nilimfundisha mwenyewe kuandika madeni kwenye Excel: jina la mkulima, kitongoji, mifuko mingapi, siku aliyoahidi kulipa. Akawa anaweka kumbukumbu zake zote kwenye flashi, kwa sababu yule fundi alimwambia Windows ikifa na mafaili ya ndani hufa nayo. Flashi ilikaa imechomekwa ubavuni mwa kompyuta muda wote.

Siku moja akaniuliza, "Bwana shamba, hii kompyuta niiwekee antivirusi gani ya bure?"

Nilikuwa nimeshawasha pikipiki. Nikamjibu, "Yoyote tu mama, zote ni sawa." Nikaondoka.

Msimu ule nami nilikuwa na flashi yangu. Ndani yake kulikuwa na vipeperushi vya viwavijeshi vamizi, ratiba ya chanjo ya kuku na fomu za vikundi. Flashi hiyo ilikuwa inaingia steshenari mjini kuchapa, inatoka inaingia kompyuta ya ofisi ya kata, inaingia kwa mwalimu wa shule ya msingi, inaingia kwa katibu wa AMCOS, halafu inaingia kwa mama. Sasa wewe unayefuga kuku, mfikirie mtu anayetoka kwenye banda lenye kideri, wengine mnaita mdondo, kisha anaingia banda la jirani na viatu vile vile. Kila kikao nawasisitiza muoshe viatu kabla ya kuingia bandani. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwezi wa pili nilipita dukani kumwekea kipeperushi kimoja kwenye kompyuta. Kesho yake asubuhi akanipigia simu. "Bwana shamba, mafaili yangu yameota mishale."

Nilielewa anachosema, maana nilishawahi kuona kwa wengine. Unafungua flashi, badala ya mafolda yako unakuta vitu vyenye majina yale yale, lakini kila kimoja kina kamshale kadogo kwenye kona, na ukitazama ukubwa wake ni KB 1 au 2 tu. Kirusi kilitoka kwenye flashi yangu, kikaingia kwenye kompyuta yake, na kutoka kwenye kompyuta kikahamia kwenye flashi yake yenye madeni ya msimu mzima.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilimwambia, "Hayo yameshaharibika mama, fomati flashi uanze upya." Akauliza kama madeni yatarudi. Nikamwambia yaliyoharibika hayarudi. Mwanawe aliyekuwa likizo akamsaidia kufomati, na kwa kuwa flashi ilikuwa tupu, akaijaza nyimbo.

Wiki iliyofuata nilikwenda mjini na flashi yangu ikiwa na mishale ile ile. Kijana wa steshenari akaichomeka, akaandika mstari mmoja wa maneno, na mafaili yangu yote yakajitokeza. Hayakuwa yameharibika. Kirusi cha aina hii huyaficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato mahali pake, ili ukibofya uwe unakiendesha chenyewe. Kwa hiyo kirusi hakikufuta deni hata moja la yule mama. Niliyefuta ni mimi, kwa simu, nikiwa nyumbani nakunywa chai.

Tulizunguka naye wiki tatu kwa pikipiki yangu, nyumba kwa nyumba. Wadaiwa walikuwa 37 kwa jinsi alivyowakumbuka. Wengi walisema ukweli. Mzee mmoja alitoa kikaratasi ndani ya kofia, kimeandikwa mifuko miwili na tarehe, akasema alikuwa anakitunza kwa sababu haiamini kompyuta. Lakini wapo waliosema wameshalipa, na mama hakuwa na cha kuwaonyesha. Zilipotea kama laki sita, pesa ambayo angeongezea mzigo wa mbegu. Nilijitolea kumlipa kidogo kidogo. Alikataa. Akasema, "Wewe nijibu tu lile swali langu. Ila safari hii zima pikipiki."

Basi nilizima pikipiki, nikaenda kujifunza. Nilichomjibu ndicho hiki.

Kabla hujaenda kutafuta antivirusi ya bure, tazama kama tayari unayo. Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 inakuja na antivirusi ndani yake, inaitwa Microsoft Defender. Ni ya bure, haina siku 30 za majaribio, wala haikuombi namba ya kadi. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika Windows Security, fungua, kisha ingia palipoandikwa Virus & threat protection. Ukiona alama ya tiki ya kijani, inafanya kazi. Ukiona alama nyekundu au ya njano, soma inalalamikia nini.

Tulipofungua kwa mama tulikuta imezimwa. Ilikuwa imezimwa tangu siku fundi alipopiga Windows! Wengi wa mafundi wetu huweka Windows na Office ambazo hazijalipiwa, na ili zikubali hutumia programu ndogo ya kuvunja kufuli, ile wanayoita kreki. Defender ikiiona hupiga kelele, kwa sababu kreki nyingi ama ni virusi zenyewe ama zimebeba virusi. Fundi anaizima ili isimsumbue, anamaliza kazi, anapokea pesa yake na kukukabidhi kompyuta bila kuiwasha tena. Ni sawa na kumfungia mbwa ndani kwa sababu usiku anabweka, halafu ukalala mlango wazi. Mimi siwezi kukushtaki kwa Windows ya kreki, hali ya mfuko naijua. Ila ukichukua kompyuta kwa fundi, usimlipe kabla hajakufungulia ukurasa ule na ukaona tiki ya kijani kwa macho yako.

Je, Defender inatosha? Kwa mtu mwenye duka au shamba, jibu langu ni ndiyo. Wala simsikilizi mwenye dawa akisifu dawa yake. Kwenye mbegu huwa nawaambia mtazame lebo ya TOSCI kabla ya kutazama picha ya hindi kubwa kwenye mfuko. Kwenye antivirusi nako kuna wapimaji wasiouza. Wanaojulikana zaidi ni AV-TEST wa Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives wa Innsbruck, Austria. Wanazipima za bure na za kulipia, na wanaweka matokeo wazi kwenye tovuti zao. Zamani Defender ilikuwa inashika mkia, lakini kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikipata alama za juu pamoja na zile za kulipia. Kwa hiyo pesa ya antivirusi, kama unayo, nunulia flashi ya pili. Nitakueleza kwa nini.

Zipo nyingine za bure ambazo watu huniuliza. Bitdefender ya Romania ina toleo la bure, tulivu, halina kelele nyingi, ila litakutaka ufungue akaunti kwa barua pepe. Avast na AVG ndizo ninazozikuta zaidi kwenye kompyuta za huku. Zinakamata virusi vizuri, sikatai. Lakini jua kwamba Avast iliinunua AVG mwaka 2016, na leo zote mbili, pamoja na Avira, ziko chini ya kampuni moja ya Gen Digital. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine umehama chumba, nyumba ni ile ile.

Tena kuna jambo la Avast ambalo kila anayependa vya bure anapaswa kulijua. Kampuni hiyo ilikuwa na tawi lililoitwa Jumpshot, na kupitia tawi hilo kumbukumbu za tovuti ambazo watumiaji walizitembelea zilikuwa zinauzwa kwa makampuni mengine. Habari zilipofichuka mwezi Januari 2020, tawi likafungwa. Mwezi Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na imezuiwa kuuza taarifa za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Mtu aliweka programu imlinde, kumbe yenyewe inaandika anakopita. Sisemi kwamba wanaendelea kufanya hivyo leo. Ila ukipewa kitu cha bure, jiulize mwenye nacho anakula wapi.

Na Defender je, Microsoft anakula wapi? Huyo ameshakula kwenye Windows yenyewe, angalau kwa walioilipia.

Usiweke antivirusi mbili kwa pamoja ukidhani ulinzi unaongezeka. Zitagombana na kompyuta itakuwa nzito, hasa hizi zetu za mtumba zenye RAM ya GB 4. Ukiweka nyingine, Defender yenyewe hujiweka kando. Na kama kompyuta yako ilikuja na antivirusi ya majaribio ambayo muda wake umekwisha, iondoe kabisa, kisha hakikisha Defender imerudi kazini.

Sasa tuje kwenye kitu kinachowashinda wengi, nacho ni bando.

Kila mfugaji wa kuku wa kienyeji anayenisikiliza anajua kwamba chanjo ya kideri ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukichanja mara moja ukasahau, banda litafyekwa. Antivirusi ni hivyo hivyo, ila yenyewe haingoji miezi mitatu, kwa sababu virusi vipya vinatoka kila siku. Antivirusi ambayo haijapata taarifa mpya tangu mwaka jana inavijua virusi vya mwaka jana. Ndiyo maana sikushauri kunakili antivirusi kutoka flashi ya rafiki: huijui umri wake, na hujui imechanganywa na nini.

Kama unatumia intaneti ya simu kwa kurushia kompyuta, Windows inaweza kuihesabu kama bando la kupimwa na kuacha kushusha vitu vyenyewe. Usiisubiri. Chagua siku moja ya wiki, mama amechagua Jumapili jioni akishafunga hesabu, washa data, ingia ukurasa ule ule wa Virus & threat protection na ubonyeze Check for updates. Chini yake utaona tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikizidi wiki mbili, hujalindwa, hata kama tiki ni ya kijani.

Kama nyumbani kwako hakuna mtandao kabisa, ipo njia. Kwenye tovuti ya Microsoft kuna pakiti kamili ya taarifa za virusi za Defender, faili lake linaitwa mpam-fe.exe. Huzidi MB 100, kwa hiyo lishushe ukiwa mjini au usiku bando likiwa rahisi. Lishushe kwa simu, lihamishie kwenye kompyuta kwa waya, libofye mara mbili. Litafanya kazi kimyakimya bila kukuambia asante. Kisha tazama tarehe kama imebadilika.

Kuna maonyo mengine hutokea ukiwa mtandaoni, yana rangi nyekundu na mlio: "Kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza hapa." Hilo ni tangazo la matapeli, antivirusi yako haihusiki. Tovuti haiwezi kuona ndani ya kompyuta yako kirahisi hivyo. Usibonyeze popote, hata palipoandikwa hapana. Funga programu ya intaneti yote. Na wakikupa namba ya simu upige, usipige.

Turudi kwenye flashi, maana huku kwetu virusi vingi vinaingia kwa mlango huo. Ukichomeka flashi ya mtu, usiifungue kwanza. Bofya kulia kwenye alama yake, chagua Scan with Microsoft Defender, subiri imalize. Na ukitaka kuchapa kitu steshenari, usipeleke flashi kama si lazima. Tuma faili kwa WhatsApp au barua pepe ya steshenari, ukifika unakuta wameshachapa. Steshenari ni kama mnada wa ng'ombe: mifugo ya kila kijiji inakutana pale, na magonjwa nayo yanakutana pale.

Kama flashi yako imeshaota mishale, usifomati. Narudia kwa sababu ya mama yule: usifomati! Usibofye hiyo mishale pia. Anza kwa kusafisha kompyuta, kwa sababu ikibaki mgonjwa itaficha mafaili tena mara tu utakapoyatoa. Defender ina ukaguzi unaoitwa Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka, itajikagua kabla Windows haijaamka, na kazi yote ni kama dakika 15. Save kazi zako kwanza. Kisha ikague flashi yenyewe. Baada ya hapo tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme ni E. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika cmd, bonyeza Enter, na kwenye dirisha jeusi andika mstari huu ukiacha nafasi moja kati ya vipande vyake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kama herufi yako si E, badilisha. Bonyeza Enter, subiri mstari urudi, kisha fungua flashi. Wakati mwingine mafaili yako utayakuta ndani ya folda isiyo na jina, ifungue, yamo. Hamishia kwenye kompyuta, ndipo ufute mishale. Mstari huu niliuandika kwa kalamu nyuma ya kitabu changu cha ziara za wakulima, na hadi leo umesaidia watu wanne, akiwemo katibu wa AMCOS.

Na kama ulishafomati, usiandike kitu kingine juu yake, ipeleke kwa fundi haraka. Mara nyingi mafaili hupatikana kwa programu za kurejesha, mradi hujajaza nyimbo.

Wenye Windows 7, niwaambie ukweli mchungu. Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020, na ile Windows Defender iliyomo ndani yake haikuwa antivirusi kamili. Itumie kuandika na kuchapa ukipenda, lakini usiingie nayo benki wala kwenye mambo ya pesa. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake imeahidiwa taarifa mpya za virusi hadi Oktoba 2028, lakini nyufa za Windows yenyewe hazizibwi tena bila mpango wa nyongeza. Kama kompyuta yako inakubali Windows 11, anza kujipanga.

Ile flashi ya pili niliyosema ni hii: nakala. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai malipo ili kuyafungua, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kinga yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu mwezi Machi mwaka huo, lakini wengi hawakuiweka. Mwenye nakala pembeni hakuwa na cha kumlipa mwizi. Kwa hiyo madeni yako yakae kwenye kompyuta, na yakae pia kwenye flashi ambayo unaichomeka dakika tano tu kwa wiki kisha unaichomoa na kuifungia kabatini. Mama ameongeza na kaunta buku, maana yule mzee wa kofia alimfundisha kitu.

Bado napita dukani kwake kila wiki. Akiniona nimeshika kitu mkononi anauliza, "Umekuja na flashi?" Nikisema ndiyo, ananyosha mkono, anaipokea kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika kuku mgonjwa, anaichomeka mwenyewe, anabofya kulia. Kisha ananisogezea kigoda, tunasubiri wote wawili hadi imalize.